Mowlem Nayo Ina Historia Yake

Katika mji mdogo wa Swanage, ufukweni kusini mwa Uingereza, kuna ukumbi wa maigizo na sinema uitwao Mowlem. Ulipewa jina la mwana wa mji huo, John Mowlem, aliyezaliwa 1788, akajifunza kazi ya mawe, akaenda London kutafuta maisha na kufikia 1822 akawa na kampuni yake ya ujenzi. Mwenyewe alifariki 1868. Kampuni iliendelea bila yeye kwa zaidi ya karne nzima, ikajenga mnara wa NatWest, uliokuwa jengo refu kuliko yote London ulipofunguliwa, na uwanja wa ndege wa London City ulioanza kazi 1987. Mwaka 2006 ilinunuliwa na kampuni nyingine, Carillion. Januari 2018 Carillion nayo ikafilisika na kuacha hospitali mbili kubwa za Uingereza zikiwa hazijakamilika.

Jina hilo lingebaki kwenye ule ukumbi wa ufukweni na katika majalada ya wafilisi, lau si makanga wa Nairobi. Kila alfajiri wao hulitangaza kwa sauti kuu kama jina la mtaa, wakigonga mabati ya matatu, na abiria hupanda bila kuuliza lilitoka wapi. Wakazi wa siku nyingi husimulia kwamba kampuni ya ujenzi yenye jina hilo iliwahi kupiga kambi pande hizi, enzi ambazo ukivuka barabara ya Outer Ring kuelekea mashariki ulikuta nyasi na matimbo ya mawe. Kazi ikaisha, mitambo ikaondoka, jina likabaki.

Si ajabu kwa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kariokor ilirithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofafa na Mbotela ni majina ya viongozi wawili Waafrika wa jiji, Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, waliouawa siku za Hali ya Hatari. Ukitembea kutoka Gikomba hadi Kayole ukisoma vibao vya mitaa, umepitia karibu kurasa zote za historia ya Kenya, isipokuwa hakuna aliyekuambia kwamba unasoma.

Leo Mowlem ni mojawapo ya wadi 85 za Kaunti ya Nairobi, na ina diwani wake katika bunge la kaunti. Imo katika eneobunge la Embakasi Magharibi pamoja na Umoja I, Umoja II na Kariobangi Kusini. Kaskazini iko Dandora, mashariki ziko Kayole na Komarock. Mgeni hawezi kuonyesha mahali Umoja inapokoma na Mowlem inapoanza, kwa maana ghorofa ni zilezile na waya za stima zimening'inia vilevile. Mwenyeji anajua. Anajua hata ni upande gani wa barabara maji hurudi kwanza baada ya mgao.

Mtaa huu ukifika gazetini, mara nyingi umefika kwa sababu ya moto, mafuriko au mwili uliookotwa. Ni kazi ya mwanahabari kuyaandika hayo. Lakini msomaji aliyelishwa hayo peke yake kwa miaka thelathini ataamini kwamba mahali hapa hapana jana. Mahali pengine duniani, hata kijiji kinachokufa hukumbukwa zaidi.

Chukua Kaunti ya Adams, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, nchi ya mahindi, soya na nguruwe. Iliundwa 1851. Makao yake makuu ni mji wa Corning, alikozaliwa mtangazaji maarufu wa televisheni Johnny Carson mwaka 1925. Karibu na mji huo Wafaransa waliojiita Waikaria walijaribu kuishi kijamaa, mali ikiwa ya wote, mpaka jumuiya yao ilipovunjika 1898. Mwaka 1900 kaunti hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 13,000. Kisha trekta likachukua kazi ya mikono, shamba kubwa likameza shamba dogo, vijana wakaenda mijini. Sensa ya 2020 ilikuta watu 3,704 tu katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,100. Hata hivyo, yeyote anayetaka kujua historia yao, mito yao na idadi yao kila miaka kumi, ataipata imeandikwa.

Sasa piga hesabu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba kaya ya Nairobi ina wastani wa watu 2.9. Kwa kipimo hicho, watu wote wa Kaunti ya Adams wangeenea katika kaya zisizofika 1,300. Jengo la orofa sita, vyumba vinane kila orofa, lina kaya 48. Majengo 27 ya namna hiyo, na kaunti nzima ya Marekani imepata makao. Hapa Eastlands majengo 27 ni umbali wa kwenda kununua maziwa na kurudi.

Tuanze basi na ardhi, kwa sababu ndiyo iliyoamua mengine yote.

Nairobi imelala mtelemkoni. Magharibi, kuanzia Ngong na Karen, ardhi iko juu, udongo ni mwekundu, maji hupenya upesi na miti hustawi. Ukishuka kuelekea mashariki unaingia ukingoni mwa tambarare za Athi, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku mvua ni haba kuliko kule juu, na udongo ni ule mweusi unaojulikana na kila fundi wa Embakasi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutumbukiza mguu. Masika yakifika hufura, hunasa viatu, na barabara isiyowekwa lami huwa kinamasi. Nyumba ikijengwa juu yake bila msingi wa maana hupandishwa na kushushwa kila msimu hadi kuta zipasuke. Kwa hiyo fundi mwenye akili huchimba mpaka auone mwamba.

Na mwamba upo. Chini ya udongo huo mna jiwe la volkano, laini kiasi cha kuchongeka kwa nyundo na patasi, gumu kiasi cha kubeba ghorofa. Matimbo ya Njiru na Dandora yamelisha ujenzi wa Nairobi kwa miongo mingi. Ofisi na nyumba nyingi za upande wa magharibi zilisimamishwa kwa mawe yaliyotoka mashariki, kisha mashimo yaliyobaki yakatafutiwa kazi nyingine. Jaa la taka la Dandora lilianzia kwenye timbo lililoachwa. Mashariki ilitoa jiwe ikarudishiwa takataka.

Mito nayo hufuata mtelemko uleule. Mto Nairobi, Mathare na Ngong hutoka nyanda za juu ikiwa na maji ya kutazamika, hupita katikati ya mji, na ikifika Eastlands imeshapokea kila kitu ambacho mji haukitaki. Kisha huungana, huingia Athi, na Athi hupita Tsavo ikiitwa Galana, hatimaye ikamwaga maji baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Mvuvi wa Mambrui na mpangaji wa Dandora hawajuani, ila wanashiriki mto mmoja.

Udongo huo mbaya ndio uliowapa watawala wa kikoloni hoja. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, mahali palipokuwa malisho ya Wamaasai penye maji baridi, na mji ukaota kuizunguka stesheni. Mwaka 1913 daktari aliyeletwa kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, alitoa ripoti iliyopendekeza rangi zitengwe katika makazi, akitumia lugha ya afya ya umma. Wazungu walikuwa wameshachukua vilima vya magharibi na kaskazini. Wahindi walibanwa karibu na soko na baadaye Parklands. Mwafrika aliwekwa mashariki, upande wa reli, karakana na maji yasiyokauka. Pumwani ilianzishwa 1922 kama mahali rasmi pa wenyeji. Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na nyingine zilifuata, zikisogea mashariki hatua kwa hatua.

Katika macho ya serikali, Mwafrika mjini alikuwa mpita njia. Chumba alichojengewa kilikuwa cha mwanamume mmoja, au kitanda ndani ya chumba cha wanaume kadhaa, kwa sababu mke na watoto walitarajiwa kubaki shambani. Alibeba shingoni kipande, yaani kitambulisho cha lazima. Wakati wa ile Hali ya Hatari, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, jeshi na polisi waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawakagua Waafrika nyumba kwa nyumba, na makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Wafungwa wa kipindi hichohicho ndio waliolazimishwa kuchimba na kusawazisha uwanja mpya wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958. Leo unaitwa Jomo Kenyatta, na watalii hushuka hapo bila kuambiwa nani alisukuma toroli.

Uwanja huo ulivuta mji mashariki zaidi. Mwaka wa uhuru, 1963, mipaka ya Nairobi ilipanuliwa mno, ikafikia karibu kilomita za mraba 690, na mbuga, mashamba na matimbo ya Embakasi, Dandora, Njiru na Ruai yakawa sehemu ya jiji kwenye ramani. Sheria za kumzuia Mwafrika kuingia mjini zilikuwa zimekwisha. Watu wakaja na familia zao.

Takwimu zinasimulia kwa ufupi. Sensa ya 1948 iliwakuta wakazi 118,976 ndani ya mipaka ya zamani. Mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwaka 1979, 827,775. Mwaka 1989, 1,324,570. Mwaka 1999, 2,143,254. Mwaka 2009, 3,138,369. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 wakahesabiwa watu 4,397,073, na kwa mara ya kwanza sensa ya Kenya ilitambua wenye jinsia mbili, 245 kati yao wakiwa Nairobi. Kaunti ndogo tatu za mashariki na kaskazini mashariki, yaani Embakasi yenye watu 988,808, Kasarani 780,656 na Njiru 626,482, zilibeba jumla ya watu 2,395,946. Hiyo ni zaidi ya nusu ya jiji. Anayesema "Nairobi" akiwa na picha ya Westlands kichwani anawazungumzia wachache: Westlands yote ilikuwa na watu 308,854.

Wataalamu waliliona hilo likija. Mpango wa ukuaji wa jiji wa 1973 ulishauri Nairobi ipanuke kuelekea mashariki, kwa kuwa ardhi ilikuwepo na viwanda vilikuwa karibu. Miradi miwili ikafuata ambayo bado inatawala maisha ya Mowlem, ingawa wenye kuishi hapo leo wengi wao hawakuwa wamezaliwa.

Wa kwanza ni Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za kupima viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Aliyebahatika alipewa ploti yenye choo, bafu, maji na njia ya maji taka. Vyumba alitakiwa ajenge mwenyewe kidogo kidogo, na aliruhusiwa kupangisha baadhi ili alipe mkopo. Ulikuwa mpango wa busara kuliko mingi iliyokuja baadaye. Uliamini kwamba maskini akipewa ardhi halali na bomba, nyumba ataipandisha.

Wa pili ni Umoja, uliojengwa miaka ya 1970 kwa fedha zilizodhaminiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Huku nyumba zilikuwa tayari: za chini, zenye ua mdogo, zikilengwa kwa karani, mwalimu, dereva wa shirika la umma. Picha iliyokuwa akilini mwa wachoraji ilikuwa familia moja, nyumba moja, ua mmoja, pengine na mchicha nyuma ya jikoni.

Mchicha haukudumu. Nyumba zilikuwa chache na wenye pesa kidogo zaidi walikuwa wengi, hivyo wengi waliogawiwa waliuza au wakapangisha na kwenda kuishi kwingine. Aliyenunua aliona kwamba ua ule ni shilingi zilizolala. Akaongeza chumba, halafu orofa. Jirani naye hakukubali kubaki nyuma. Kufikia miaka ya 1990, baraza la jiji likiwa limechoka na mikono ya wakaguzi ikiwa imezoea kufumbatishwa, nyumba za chini zilikuwa zikibomolewa na mahali pake kupanda majengo ya orofa tano, sita, saba. Mowlem, iliyokaa katikati ya Dandora na Umoja, ilipata mkondo wa pande zote mbili.

Mtafiti Marie Huchzermeyer alichapisha kitabu mwaka 2011 akilinganisha majengo ya kupangisha ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Wenye mali wa Berlin nao waliwarundika wafanyakazi katika vyumba vilivyozunguka ua wenye giza. Lakini sheria ya huko ililazimisha ua uwe na upana usiopungua mita 5.34 kila upande, kwa sababu gari la zimamoto la wakati huo lilihitaji nafasi hiyo kugeuka. Soma tena kipimo hicho, kisha simama katika kichochoro chochote cha Eastlands ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Berlin ya wakati wa farasi ilimjengea mfanyakazi wake kwa uangalifu kuliko Nairobi ya wakati wa simu za mkononi. Na gharama ya kupuuza tunaijua: usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la Huruma liliporomoka na kuua watu karibu 50.

Hata hivyo ni kosa kuyaona majengo haya kama aibu tupu. Yamebeba jiji. Serikali haikujenga nyumba za kutosha, na benki hazikumpa mkopo muuza samaki. Aliyempa chumba ni landilodi wa Eastlands, kwa masharti magumu, bila mkataba wa maandishi, lakini alimpa. Kodi inatakiwa tarehe tano. Ikipita, keateka anabisha mlango kwa adabu, ikipita zaidi anaweka kufuli lake juu ya kufuli lako. Stima ni ya tokeni. Maji hutoka siku maalumu, na siku zisizo zake mkokoteni wenye mitungi hupita. Orofa ya chini haikai mtu, ni biashara tupu: kibanda cha M-Pesa, kinyozi, mama mboga aliyekata sukumawiki na kuifunga kwa mafungu, fundi wa simu, shule ya chekechea yenye katuni ukutani, na Jumapili kanisa lenye spika kubwa kuliko waumini.

Sababu ya watu kuvumilia yote hayo ni jiografia tu. Kutoka hapa unafika Eneo la Viwanda kwa miguu ukiamka mapema. Warsha za Kariobangi ziko karibu. Gikomba na Muthurwa hazihitaji nauli kubwa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, umbali ni sehemu ya mshahara, na kila mpango wa kuwahamishia maskini mbali na mji umekwama kwenye hesabu hiyo ndogo.

Barabara ya Outer Ring inaeleza jambo lilelile kwa njia yake. Ilipopewa jina ilikusudiwa kuzunguka nje ya mji. Ilipopanuliwa muongo uliopita, kilomita 13 kutoka Thika Road hadi Embakasi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikuwa imeshakuwa uti wa mgongo wa Eastlands. Njia zikaongezwa, madaraja ya waenda kwa miguu yakawekwa, na maelfu ya wachuuzi waliokuwa kando yake wakaondolewa. Mji wenyewe umeruka mbali sana. Barabara ya Kangundo, ambayo wengi wa kizazi kilichopita waliijua kama njia ya kwenda Ukambani, sasa imeshonwa nyumba hadi Ruai, na ploti zinatangazwa Kamulu na Joska. Kando yake ndipo ilipo hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa China. Kabla yake, mama wa Umoja au Mowlem aliyeshikwa na uchungu usiku alitafuta gari la kumpeleka Pumwani.

Siasa zilichelewa kuliko watu. Kwa miaka mingi Embakasi yote, kuanzia Dandora hadi uwanja wa ndege, ilikuwa na mbunge mmoja, na ilikuwa miongoni mwa maeneobunge yenye wapigakura wengi kuliko yote nchini. Mbunge aliyechaguliwa Desemba 2007, Melitus Mugabe Were, alipigwa risasi langoni kwake tarehe 29 Januari 2008, nchi ikiwa inawaka baada ya uchaguzi. Katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010 ilileta kaunti 47, na mwaka 2012 tume ya mipaka ikaikata Embakasi vipande vitano. Embakasi Magharibi iliwakilishwa na George Theuri tangu 2013, kisha 2022 ikamchagua Mark Mwenje, mwana wa David Mwenje aliyewahi kuwa mbunge wa Embakasi ile nzima. Mtu mmoja alikuwa akibeba kazi ambayo sasa ni ya wabunge watano na madiwani kwa makumi. Je, mifereji imezibuka mara tano zaidi? Wapigakura wa Mowlem wanajua jibu.

Kuhusu jaa, Dandora lilianza kupokea taka mwaka 1975, mwaka uleule wa mkopo wa nyumba. Mkono mmoja ulikuwa ukigawa ploti, mwingine ukimwaga taka jirani. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri kwenye miti na nyasi za kijani, lilichapisha utafiti uliowapima watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika kimataifa. Upepo ukigeuka jioni, moshi hauulizi mpaka wa wadi. Mowlem hufunga madirisha. Watoto waliopimwa wakati huo sasa ni watu wazima, baadhi wana watoto wao, na ushahidi haujawahi kukosekana. Kilichokosekana ni kiongozi wa kaunti aliye tayari kulifunga jaa na kusema taka zitakwenda wapi.

Kutoka katika moshi huohuo ulitoka muziki. Kundi la Kalamashaka, na baadaye umoja mpana wa Ukoo Flani Mau Mau, waliigeuza Dandora ya mwisho wa miaka ya 1990 kuwa makao ya hip hop ya Kiswahili na Sheng nchini. Juliani naye alilelewa hapo. Vijana wa Mowlem, Umoja na Kariobangi walikua wakiyasikia maneno yanayotaja njia wanazopita kwenda shule, na hilo lilikuwa somo la jiografia ambalo kitabu cha darasani hakikuwapa. Mtoto wa Eastlands anaweza kufaulu mtihani kwa kutaja vijito vya Mto Tana na asijue mto unaopita nyuma ya nyumba yao unaishia wapi.

Alipata kuujua kwa njia ngumu Aprili na Mei 2024. Mvua za masika zilileta mafuriko nchi nzima, zikaua zaidi ya watu 200, na Nairobi mito ilirudi katika njia zake za zamani. Serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 za kingo waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Waliohama walitafuta vyumba palipo juu kidogo, na kodi za mitaa jirani zikahisi. Hivyo ndivyo Mowlem ilivyojaa tangu mwanzo: kila mtikisiko wa mahali pengine, uwe ubomoaji, ukame wa mashamba au ghasia za uchaguzi, huleta godoro jingine juu ya mkokoteni.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Karani atapanda ngazi hizo akiwa na tableti, atauliza idadi ya vyumba, chanzo cha maji, kabila, kazi, na takwimu hizo zisirudi Mowlem zikiwa zimefungwa ndani ya jumla kubwa. Diwani anayegombania fedha za zahanati anahitaji takwimu za wadi yake mkononi, zikiwa zimebandikwa ofisini mahali ambapo mkazi anaweza kuzisoma na kuzibisha. Kaunti ya Adams, yenye watu 3,704, inazo zake.

Historia nayo inahitaji mahali pa kukaa. Kaunti ya Nairobi ina maktaba zake mbili Eastlands, moja Kaloleni na nyingine Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan, ile maktaba ya mjini kati iliyofunguliwa 1931. Shirika la Book Bunk limeshirikiana na kaunti kuzikarabati, na sasa watoto wanakaa humo wakisoma. Kaunti itenge rafu moja katika kila tawi kwa ajili ya mitaa inayoizunguka, Mowlem ikiwemo. Na wewe msomaji mwenye picha ya Mowlem kabla ya ghorofa, barua ya kugawiwa ploti, kadi ya kazi ya kampuni ya ujenzi au risiti ya kodi ya mwaka 1982, usiitupe unapohama nyumba. Andika nyuma yake jina la mahali na mwaka, uipeleke Makadara.